Sanduku la Sufu la Bi Mwalimu

Hakuanza kazi yoyote kabla ya kulimaliza sanduku lote. Hata kama alitaka kufuma kofia ya mtoto mchanga, kitu cha uzi kiduchu, alitandika mkeka, akafungua lile sanduku lake la mti wa kafuri, akatoa donge moja moja mpaka chini. Kisha alikaa kitako katikati yake, miguu kaikunja upande, akawa anayatazama madonge yale kama mwalimu anayetafuta nani kapiga kelele darasani.

Mtaani kwetu, ndani ya lango la Maskati, tulimwita Bi Mwalimu, na mimi sitomwita vyengine. Unguja alikuwa akisomesha wasichana kazi za mkono. Maskati ya siku zile haikuwa na skuli ya wasichana, kwa hivyo ualimu wake ulibaki kwenye jina, na kwenye sauti yake, ambayo ikikwambia kaa, umeshakaa. Tulifika mwaka mmoja, sisi na yeye, wa sitini na nne, baada ya yale yaliyotokea kwetu. Wengine tulitoka na watoto na nguo za mwilini. Yeye alitoka na sanduku la sufu, na watu wakamcheka chinichini, kwani Maskati ni mji ambao wakati wa joto tulilala juu ya dari na shuka tulizozirowesha maji.

Mimi nilikuwa mke kijana, nyumba yangu na yake ukuta mmoja. Nilikwenda kwake kuazima chungio, nikakaa miaka sita.

Alichagua kwa mikono. Alichukua donge huku na donge huku, akayapima viganjani, akayasugua shingoni chini ya kidevu, macho kayafumba. Uzi asioujua aliuchoma ncha kwa kibiriti akanusa. Ukinuka nywele zilizoungua ni sufu, ukinuka karatasi ni pamba, na ukinuka kitu chengine aliutupa kule na kumwombea dua mbaya aliyeuuza. Wanawake walimjia na matakwa yao. Huyu anataka shali kama ya fulani, yule anataka fulana ya mtoto yenye maua. Yeye hakusikiliza matakwa. "Nionyeshe uzi wako," alisema, na akishaupima, alitoa hukumu: "Huu unatosha soksi. Wewe unataka shali. Basi fuma soksi, shali uiote."

Nilipata kumwuliza kwa nini asiwaachie watu waanze, uzi ukiisha wakatafuta mwengine.

"Utatafuta wapi?" alinijibu. "Tulikotoka tulidhani vitu haviishi. Mimi sasa naanza na kilichopo."

Katika sanduku mlikuwa na pamba nyeupe ya kofia, mabaki ya sufu nyekundu na kijani za skuli, na sufu nyeusi aliyoipata kwa kufumua shali ya mamake. Pembeni ya sanduku kulikuwa na gunia la manyoya ya kondoo, ya rangi ya kahawa, aliyoyanunua kwa wanawake wa milimani walioshuka sokoni Matrah. Kwa wanawake hao alijifunza kusokota kwa kile kijiti wanachokiita maghzal, akawa anasokota huku anatembea, toka jikoni mpaka mlangoni, kijiti kinazunguka hewani kama kimefungwa na kitu kisichoonekana. Alichelewa kujifunza, na alijifunza kwa hasira. Mwanzo uzi wake ulikuwa na mafundo kama kamba ya ndoo. Aliufumbata mkononi, akasema, "Mwanafunzi mjinga huyu," akimkusudia yeye mwenyewe.

Na chini kabisa, ndani ya kanga iliyochakaa, mlikuwa na sufu ya kijivu. Hiyo haikuwekwa mkekani pamoja na nyengine. Aliiweka mapajani.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanamume. Alikwenda kusoma nchi za baridi mwaka mmoja kabla hatujatoka Unguja, na sufu ile ilinunuliwa kwa ajili yake. Tangu tulipotoka, mama hakupata khabari ya mtoto. Kila mwaka joto lilipopungua, alimfumia sweta kwa ile sufu, akiukisia mwili wake. "Sasa ameshapanuka mabega," alisema peke yake, akaongeza vitanzi. Mwaka wa pili alisema, "Yuko huko, chakula hali vizuri," akavipunguza. Joto lilipoanza tena, alilifumua lote, akauosha uzi na kuuanika kwenye kamba. Ulining'inia umejikunja kunja kama tambi.

Nilimwambia alihifadhi basi, limsubiri mwenyewe.

"Likikaa sandukuni limekwisha, mwanangu. Nikilifumua, bado nna la kufanya."

Na bado huyu huyu ndiye aliyewakaripia wanawake waliokuwa wakikaa wanawasubiri waume na ndugu waliobaki. Aliwaambia kusubiri ni kazi ya wavivu. Ndivyo alivyokuwa. Chakula alikigawa mpaka yeye akabaki na ukoko, lakini ukimwomba uzi wa kutia kifungo alikutazama kama umemwomba jino. Alichukia uwongo, akawachapa watoto wa mtaani kwa ajili yake. Na uwongo mkubwa kuliko wote niliousikia maishani ulitoka kinywani mwake, mbele yangu, bila ya kupepesa jicho.

Lazima nieleze kwanza hali ya siku zile. Mtu hakusafiri bila ya ruhusa ya Sultani. Lango la mji lilifungwa usiku na aliyetembea giza lilipoingia alichukua kandili mkononi. Kijana aliyetoka kwenda kusoma nje bila ya ruhusa alijua huenda asirejee, na waliobaki nyuma yake waliulizwa. Kwa hivyo katika mji kama ule sweta halikuwa nguo tu. Nani atavaa sweta Maskati? Mwanamke akionekana anafuma sweta zito, kila mwenye akili atajua kuwa kuna mtu anakwenda penye baridi.

Mdogo wangu Nassor alikuwa na miaka kumi na tisa, na tangu mwaka wa sitini na sita hakuwa na maneno mengine ila kusoma. Alipata mtu wa kumpokea Kuwait, na huko kuna watakaompeleka mbele, kwenye skuli kubwa, nchi ya theluji. Dereva wa lori la Matrah alikubali kumchukua mpaka mpakani, Alkhamisi baada ya adhuhuri, pamoja na mizigo ya tende. Mume wangu Seif hakujua. Seif alikuwa karani wa tajiri mmoja wa Matrah, na tajiri huyo ndiye aliyetudhamini tulipofika. Alikuwa mtu wa khofu, mume wangu, na sikumlaumu. Alikuwa na khofu kwa ajili yetu sote.

Nikaenda kwa Bi Mwalimu. Nikakaa, nikanywa kahawa, nikasema, "Bi Mwalimu, nna haja ya sweta."

Hakuuliza la nani. Aliinuka akafunga dirisha la uchochoroni.

"Urefu wake?"

"Kama Seif. Mwembamba kidogo."

"Anaondoka lini?"

Nikamwambia. Akatandika mkeka, akatoa madonge yote kama kawaida yake, lakini mara hii mikono yake ilikwenda upesi. Nyekundu na kijani alizisukuma pembeni. "Hizi zitaonekana toka juu ya mlima." Nyeusi aliipima, akatikisa kichwa. "Kifua tu, mikono haimo." Nikajikuta natazama mapajani mwake, penye ile ya kijivu, ambayo mwaka ule ilikuwa bado ni sweta, hajaifumua. Akaifunika kwa kanga.

"Usiitazame," alisema.

Kisha akalivuta gunia la manyoya. "Akisimamishwa njiani na sweta la sufu ya dukani, watajua anakokwenda. Akisimamishwa na hili, ni mchunga mbuzi wa Jabal, huko milimani. Hili ndilo."

"Lakini halijasokotwa."

"Basi lete vitana. Unangoja nini?"

Siku zile sizisahau. Mimi nilichana manyoya, yeye akisokota, na ukipatikana uzi wa kutosha alifuma huku mimi nikiendelea kuchana. Dirisha limefungwa, joto limeshaanza, chumba chote kinanuka kondoo. Tukisikia viatu uchochoroni tuliacha kila kitu. Mara moja ilikuwa ni muuza maji tu na punda wake, na nilipotaka kucheka nikaona Bi Mwalimu kauma mdomo mpaka umemtoka damu.

Mtu tuliyemwogopa zaidi alikuwa Bi Zuwena. Huyu mumewe alikuwa askari wa lango, na mwenyewe alizaliwa Maskati lakini alikulia Unguja, akisema Kiswahili chetu na Kiarabu chao katika pumzi moja. Alikuwa mwanamke mpole, ana desturi ya kusema hodi akiwa ameshaingia ndani.

Jumatano alasiri, umebaki mkono mmoja wa sweta, tukasikia "Hodi" nyuma ya migongo yetu. Alikuwa amesimama na sahani ya halwa.

"Yaa salaam," alisema. "Sweta?"

"Sweta," alijibu Bi Mwalimu. Hakuacha kufuma.

"La nani, na joto hili?"

Bi Mwalimu alimaliza safu, akazigeuza sindano, akaanza safu nyengine.

"La Seif, mume wa huyu. Ana homa ya baridi tangu Jumatatu. Akitetemeka, kitanda kinalia."

"Maskini. Mbona asubuhi ya leo mume wangu kamwona anapita langoni?"

"Homa hii ndivyo ilivyo. Asubuhi mzima, alasiri hajijui. Umeleta halwa? Weka hapo, Mungu akubariki."

Bi Zuwena aliweka sahani. Alilitazama sweta, akanitazama mimi. "Basi kesho baada ya adhuhuri tutakuja kumtazama, mimi na mume wangu. Si vizuri jirani anaumwa na sisi hatujaingia."

Alipotoka nilitia komeo mlangoni. Kesho ilikuwa Alkhamisi.

Seif aliporudi kutoka kazini alitukuta sote wawili tunamngoja. Bi Mwalimu ndiye aliyesema. Alimweleza yote, la Nassor, la lori, la Bi Zuwena, kwa sauti ile ile ya kumweleza mtu namna ya kupunguza vitanzi shingoni. Seif aliketi kwenye ngazi. Alinitazama mimi, si yeye, na nilitamani anipige kuliko kunitazama vile.

"Mimi nnakula chumvi ya yule tajiri," alisema. "Ametuweka hapa kwa jina lake."

"Najua," nikasema.

"Kwa hivyo mimi ni mgonjwa."

"U mgonjwa tangu Jumatatu, Bwana Seif," alisema Bi Mwalimu.

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, Bi Zuwena atauliza sweta ni la nani."

Muadhini akaanza kuadhini magharibi. Seif akanyoosha mkono, kama mtu anayeomba kitu asichokitaka. "Nilijaribu basi. Lisije likanibana."

Siku ya pili, adhuhuri haijamalizika vizuri, Seif alikuwa kitandani na lile sweta, na juu yake blanketi, na juu ya blanketi busati. Nje jua lilikuwa limesimama juu ya ngome, hata mbwa hawakuonekana. Askari alikaa karibu ya kitanda, bunduki kaiegemeza ukutani. Nilimmiminia kahawa. Seif alitetemeka. Sijui mpaka leo kiasi gani kilikuwa kujifanya na kiasi gani khofu yake mwenyewe.

Bi Zuwena alimwekea mkono kwenye paji la uso, akauacha hapo. Kisha akakamata upindo wa sweta, akausugua kwa vidole viwili.

"Sufu ya Jabal hii," alisema mumewe.

"Naam," nikasema.

"Kazi nzuri. Na yule shemeji yako, Seif, yule kijana? Hakuja kukuuguza?"

"Nimemtuma Matrah," alisema Seif, meno yanagongana. "Dawa."

"Kwa Baniani?"

"Kwa Baniani."

"Atachelewa. Huyo hufunga dakika hizi."

Akanyoosha kikombe, nikamjazia. Akanyoosha tena. Jasho lilikuwa likimtiririka Seif masikioni na kuingia katika mto. Nilikuwa nasikiliza lori ambalo nisingeweza kulisikia, liko Matrah, upande wa pili wa milima. Hatimaye askari akakitikisa kikombe kuwa basi, wakamwombea mgonjwa shifaa, wakatoka. Seif alilivua sweta peke yake, akalitupa chini, akaenda kutapika.

Nami nikakimbilia upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nimeshajua kuwa Nassor ameondoka bila ya sweta, kwa kuwa lililofumwa kwa ajili yake lilikuwa mwilini mwa Seif. Nilitaka mtu wa kunambia kuwa baridi haiuwi. Nilimkuta Bi Mwalimu kakaa mkekani, mikono mitupu, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Ile kanga iliyochakaa ilikuwa mbele yake, imekunjuliwa, haina kitu.

"Kaondoka na la kijivu?" nikauliza.

"Asingekwenda kifua wazi."

"Ulisema sweta la sufu ya dukani litamfichua."

"Nimelishonea ndani ya gunia, katikati ya tende. Nimemwambia, akivuka mpaka afumue mshono. Kabla ya hapo asilitazame."

Nilianza kulia. Akanikatiza. "Nenda kamwangalie mumeo. Yule ndiye aliyefanya kazi leo."

Hakusema chochote kuhusu mtoto wake, wala sikuthubutu kumtaja. Mwaka ule joto lilipopungua hakuwa na sweta la kufuma. Nilimsikia kupitia ukutani akitembea toka jikoni mpaka mlangoni, na maghzal yake ikianguka chini, akaiokota, ikaanguka tena.

Kutokuwepo kwa Nassor kulikuja kujulikana. Seif alichukuliwa akaulizwa, akawekwa ndani, na tajiri wake alimsemea mpaka akatolewa, ingawa baada ya hapo hakumwamini tena na funguo za ghala. Alirudi kakonda, ndevu zimeota mvi mbili tatu. Hakusema jina la mtu. Kabla hajaingia bafuni alilikunja lile sweta la manyoya, akampelekea Bi Mwalimu.

"Lako," akamwambia.

"Si langu. Limeshaingia jasho lako," alisema. "Kaa unywe chai, Bwana Seif." Na mume wangu, ambaye kabla ya hapo alimkwepa mwanamke yule kama mtu anavyokwepa deni, akakaa. Tangu siku ile alimletea kila manyoya aliyoyaona sokoni, hata ya mbuzi, ambayo hayafai ila kwa kamba. Bi Mwalimu aliyachukua yote bila ya kumwambia hilo.

Khabari ya Nassor tuliipata kwa msafiri mmoja, kwa mdomo: alifika Kuwait, na keshavuka mbele. Basi. Tulishukuru kwa hayo.

Watu waliomjua juu juu wanasema Bi Mwalimu hakuwa na khofu. Si kweli. Niliiona khofu yake siku moja ya mwaka wa sitini na nane, nayo ililetwa na Bi Zuwena.

Siku hiyo alisema hodi nje ya mlango, akasubiri mpaka akaribishwe. Hilo peke yake lilinitia wasiwasi. Alikaa, akakataa kahawa, akasema maneno yale yale niliyoyasema mimi.

"Bi Mwalimu, nna haja ya sweta."

Nilimfinya Bi Mwalimu paja. Hakunijali, lakini aliuliza lile ambalo mimi hakuniuliza. "La nani?"

"La mwanangu."

"Mumeo anajua?"

"Hajui. Akijua atamzuia, na akishindwa kumzuia atalazimika kusema. Ndiyo kazi yake."

Nilikuwa nikifikiri: mumewe yuko hapo nje ya mlango, anangoja tu Bi Mwalimu aseme ndiyo.

"Siku ile ya Seif," alisema Bi Zuwena taratibu, "nilimwekea mkono kwenye paji. Yarabi, mimi nimezaa sita, homa nazijua. Mwenye homa ya baridi anapotetemeka huwa mkavu. Jasho huja baadaye, kutetemeka kumekwisha. Seif alikuwa nayo yote mawili kwa pamoja."

"Mbona hukusema?" nikauliza.

"Nilikuwa na wangu nyumbani, anasema yale yale ya ndugu yako. Nikafikiri, iko siku na mimi nitapita mlango huu."

Bi Mwalimu akainuka kulifunga dirisha. Akatandika mkeka. Akatoa madonge yote, akamwambia Bi Zuwena akae karibu naye, na kwa mara ya kwanza nikamwona anamwachia mtu mwengine mikono ndani ya sanduku lake. Hakukuwa na mengi. Waliichagua sufu nyeusi kwa kifua na ya manyoya kwa mikono.

"Mikono rangi mbali, mwili rangi mbali," alisema Bi Zuwena. "Watamcheka huko."

"Wamcheke huku kapata joto."

Bi Zuwena alipotoka nikamwambia Bi Mwalimu bado hajachelewa, aseme uzi hautoshi, na huo usingekuwa uwongo mkubwa. Alikuwa ameshaanza. Nikaona vitanzi vinamponyoka sindanoni, kimoja, kisha chengine, mpaka akaifumua safu nzima na kuianza upya.

"Kama ni mtego, mwanangu, nshanasa," alisema. "Wacha nifume tu."

Alifuma, na kila mlango ulipogongwa katika siku zile, alifunga kanga kiunoni na kujitanda mtandio kabla ya kufungua, ili kama wamekuja kumchukua wamkute kavaa. Haukuwa mtego. Kijana wa askari aliondoka akiwa na sweta la rangi mbili, na Bi Zuwena akaendelea kuja alasiri na sahani ya halwa, akisema hodi akiwa ameshaingia. Baina yao hawakulitaja tena jambo lile, si mbele yangu.

Mwaka wa sabini alitawazwa Sultani mpya, mambo yakageuka. Lango liliachwa wazi, kandili zikawekwa chini, na waliokuwa nje wakaambiwa warudi. Nassor alirejea kabla ya mwaka kwisha, mnene kidogo, na miwani. Tulikuwa tumeshahamia Matrah. Kabla hajafungua sanduku lake alisema, "Dada, nipeleke kwa Bi Mwalimu. Nimemwona mwanawe."

Alimweleza pale pale mkekani. Yu hai. Yuko katika mji ule ule alioendea, anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na hapo mlangoni ndipo Nassor alipomkuta. Baada ya yale ya Unguja fedha za masomo zilikatika, akaacha skuli, na kwa kuwa aliondoka nyumbani kwa shangwe kuwa atarudi daktari, aliona haya kumtafuta mtu yeyote wa kwao.

"Aliposikia kuwa u hai, alikaa chini barabarani," alisema Nassor. "Kisha akanambia nisikwambie kuwa nimemwona. Nilimwahidi. Nimevunja ahadi, Bi Mwalimu, na nitamwandikia nimwambie kuwa nimeivunja."

Bi Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama ameoa. Nassor akasema hapana. Akauliza kama anasali; Nassor akasema hajui. Akanyanyuka, akaenda kutia udhu, na tulipomngoja sana tukaondoka. Siku ya pili asubuhi alikuwa mlangoni kwetu Matrah, kaja kwa miguu njia ya mlimani, anamtaka Seif ampeleke kuchukua pasi ya kusafiria.

Nilimwona mara ya mwisho kwenye kiwanja cha ndege, Ruwi, katikati ya milima, kinavuma upepo wenye vumbi. Alikuwa na buibui lake na mfuko mmoja, ambao Seif aliukamata kwa mikono miwili kama mtoto. Ndege ilikuwa ndogo, na abiria walikwisha kuanza kupanda. Nassor alikwisha kuandika, lakini jibu halikuja, na hapakuwa na mtu aliyejua kama Bi Mwalimu atapokewa huko. Hakuwahi kupanda ndege. Nilimwona anaitazama ngazi ile.

"Na akikasirika, Bi Mwalimu?" nilimwuliza. "Akikataa kukuona?"

"Ntakaa mlangoni pa hicho kiwanda cha mikate. Watu wote hupita kununua mkate, na yeye kazini lazima atoke."

"Ni baridi huko."

"Nimeambiwa."

Seif akamkabidhi mfuko. Akainama akambusu mkono, yeye ambaye hata mamangu hakuwahi kumbusu mkono. Bi Mwalimu akamgusa begani. Akageuka kwangu, akaniweka sawa mtandio kichwani kama nilikuwa mimi ninayesafiri.

"Utarudi lini?" nikauliza.

"Sijui, mwanangu. Kwanza nimwone akila."